Breki za Mlimani

Baiskeli zilitakiwa kuwa kumi na nne, na zilikuwa kumi na nne. Sajenti Yuditha Lema alizihesabu kwa kidole kutoka kushoto, akazihesabu tena kutoka kulia, kisha akamgeukia binti aliyempigia simu kituoni.

"Grace, si uliniambia kuna baiskeli imeibiwa?"

"Ndivyo anavyosema mwenyewe, afande."

"Iliyoibiwa ilikuwa imeegeshwa wapi?"

Grace, katibu wa mkutano, alionyesha ya saba kwenye safu. "Hapo."

"Mbona hapo pana baiskeli?"

"Ndiyo hiyo iliyoibiwa." Grace akasikia mwenyewe alichosema, akacheka kwa aibu. "Yaani afande, ngoja nikueleze."

Ua wa ghala la zamani la kahawa, jirani na stesheni ya reli, ulikuwa umejaa. Mara moja kwa mwaka wenye magari ya kale wa Moshi na vitongoji vyake waliyatoa magari yao mafichoni na kuyaleta hapa kuyatazamisha. Zilikuwapo Land Rover zilizowahi kupandisha mapadri na waganga mlimani, lori la Bedford lenye ubavu wa mbao, na pikipiki ambazo vipuri vyake havijauzwa popote tangu wenye nazo wakiwa vijana. Wazee walivaa suti za ujana wao, zikiwabana tumboni na kuwapwaya mabegani. Spika ilitoa muziki wa dansi wa enzi za santuri, na kila wimbo ulipoanza palikuwa na mtu wa kusema kwamba huo ndio uliokuwa ukipigwa siku ile alipomwona mkewe.

Lakini waliokuja na watoto wao walikuja kwa ajili ya baiskeli. Saa tisa alasiri zote zingetoka kwenda hadi mnara wa saa na kurudi, iliyo kongwe kuliko zote ikitangulia. Kwa miaka sita mfululizo, iliyotangulia ilikuwa Raleigh nyeusi ya mwaka 1956, mali ya Mzee Basili Mallya wa Kibosho. Mzee huyo alifika leo saa mbili asubuhi, akaitazama ya saba kwenye safu, akasema, "Hii si yangu," kisha akaenda kukaa kwenye benchi.

"Mimi naona ni ileile," Grace alisema. "Nyeusi, Raleigh, ina kengele. Jana saa nne niliipokea mwenyewe."

"Namba ya fremu uliandika?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Afande, tunajitolea tu hapa. Hata soda sijapewa."

Yuditha aliandika hilo pia.

Mzee Basili alikuwa na miaka sabini na sita, suti ya kahawia, na vibanio viwili vya chuma vilivyoshika miguu ya suruali isinaswe na cheni. Pembeni yake alisimama mwanawe Valerian, mtu wa makamo aliyekuja kutoka Dar es Salaam, simu mkononi, uso umechoka.

"Shikamoo, baba," Yuditha alisema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa wapi?"

"Machame."

"Aa. Leo Machame wanawahoji Kibosho. Dunia imekwisha."

"Baba," Valerian alimkatiza, kisha akamvuta Yuditha kando hatua tatu, umbali ambao mzee aliweza kusikia kila neno. "Afande, samahani kwa usumbufu. Hakuna wizi hapa. Baba ameanza kusahau. Mwezi wa nne aliacha sufuria jikoni mpaka ikaungua. Anaishi peke yake kule juu tangu mama afariki. Nimekuwa nikisitasita, lakini leo nimeona mwenyewe. Mtu asiyeitambua baiskeli aliyokaa nayo miaka hamsini, dawa zake atazitambua? Jumatatu tunaondoka wote kwenda Dar. Nyumba tutaifunga."

"Yeye amekubali?"

Mzee alijibu kutoka kwenye benchi. "Napakiwa kama kabati. Kabati huulizwa?"

Yuditha alirudi akachuchumaa mbele yake. "Baba, nieleze. Umejuaje si yako?"

"Si yangu."

"Ina tofauti gani?"

"Nimeshasema, mwanangu. Si yangu."

"Unaona?" Valerian alisema kwa sauti ya chini. "Hata kueleza hawezi."

Yuditha alikuwa ametambua jambo moja: benchi lilikuwa refu, na lilitazama safu ya baiskeli, lakini mzee alikuwa amekaa akiipa mgongo.

Aliirudia baiskeli ya saba, akaivuta kutoka kwenye safu, akaipindua ikasimama kwa siti na usukani, magurudumu juu. Alikaa chini kabisa, sketi ya sare vumbini, akaanza na gurudumu la mbele. Raleigh za zamani hazina waya za breki. Zina fito za chuma, na mpira wa breki hubana ringi kwa upande wa ndani. Alipitisha kidole humo ndani, akakizungusha mzunguko mzima. Akafanya vivyo hivyo kwa gurudumu la nyuma. Kisha akashika cheni, akaivuta, akatazama meno ya gia.

"Bwana Valerian, njoo. Ulikua mlimani, kwenye kihamba cha ukoo, shamba la nyumbani?"

"Nilizaliwa palepale."

"Mlikuwa mnashukaje mjini kwa baiskeli?"

Valerian alitabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Unashuka kwa Mungu. Baba alikuwa akitupakia, mmoja mbele na mmoja kwenye keria na mkungu wa ndizi. Kutoka kanisani mpaka lami hukanyagi pedali hata mara moja. Ni kubana breki tu, vyuma vinalia njia nzima, mpaka mikono inakufa ganzi. Mama alikuwa akitusikia tukiwa bado juu kabisa."

"Na kurudi?"

"Kurudi unasukuma. Nani apande Kibosho kwa pedali?"

"Kwa hiyo baiskeli ya mlimani inalika wapi?"

Valerian aliacha kutabasamu. Akachuchumaa naye.

"Weka kidole hapa," Yuditha alisema. "Ndani ya ringi. Baiskeli iliyoshuka Kibosho miaka sitini, humu ndani pangekuwa pamekwanguka nikeli yote, pamebaki chuma kitupu kinachong'aa. Wewe unagusa nini?"

"Pana kutu."

"Kutu juu ya nikeli nzima. Hapa mpira wa breki haujawahi kugusa. Na tazama fito zenyewe, zimefungwa kwa waya zisishuke. Mwenye baiskeli hii hatumii breki kabisa. Sasa tazama meno ya gia, yamechongoka kama msumeno. Huyu amekanyaga pedali maisha yake yote, kwenda na kurudi." Alikwangua chini ya madigadi kwa ukucha, akatoa tope jeusi lililokauka, pumba za mpunga zikiwa zimegandamana nalo. "Hii ni baiskeli ya tambarare. Baba yako hajasahau kitu. Amesema kweli."

Valerian alisimama, akampa baba yake jicho refu. Mzee hakugeuka.

"Labda alibadilisha ringi," Valerian alisema. "Labda amesahau kwamba alibadilisha. Afande, mimi siwezi kumwacha mzee peke yake mlimani kwa sababu ya kutu. Niletee ya kwake niione."

"Nipe mpaka saa tisa."

Wa kwanza kushukiwa alijileta mwenyewe. Wilson, mfanyabiashara wa vitu vya kale anayeviuza kwa hoteli zinazopenda kutundika historia ukutani, alikuwa amemsumbua Mzee Basili miaka mitatu amuuzie baiskeli. Pikapu yake ilikuwa uani tangu jana, na nyuma, chini ya turubai, ilionekana fremu nyeusi.

"Fungua," Yuditha alimwambia.

"Afande, unanidhalilisha mbele ya wateja."

"Fungua, wateja waone."

Turubai lilifunuliwa. Watu waliokuwa wamesogea wakaangua kicheko. Fremu ilikuwa ya kike, haina bomba la juu, na kwenye usukani ilikuwa na kikapu cha maua ya plastiki.

"Hii ya bibi yangu mzaa mama," Wilson alisema kwa uchungu. "Siiuzi. Nimeileta ipakwe rangi." Akaifunika tena taratibu, kama anayemfunika mgonjwa.

Mlinzi wa geti aliitwa Godlove. Alikuwa kijana mwenye kifua, na aliapa kwamba hakuna kilichoibiwa katika zamu yake.

"Jana mchana hakuna aliyetoka na baiskeli?"

"Mwizi hakuna."

"Sikukuuliza mwizi. Nimekuuliza mtu."

Godlove alifikiri. "Alitoka mzee mmoja. Saa kumi hivi. Lakini alikuwa ameingia na baiskeli yake, akatoka na baiskeli yake. Nikampa shikamoo, akaniitikia vizuri tu. Afande, hapa ni mkutano wa baiskeli za kale. Mzee na baiskeli kuukuu nitamzuia kwa lipi?"

"Alibeba kitu kingine?"

"Alipoingia kulikuwa na jani kwenye usukani. Sale. Nikajua amekuja kusaidia kupamba."

Yuditha alimtafuta Grace, akamkuta kwenye meza ya usajili. Geti lote lilikuwa limepambwa kwa migomba na mafungu ya majani ya sale, kazi ya Grace mwenyewe.

"Baiskeli ya saba ilikuwa na jani la sale kwenye usukani?"

"Ee, nililitoa asubuhi. Nilijua limeanguka kutoka kwenye mapambo, mtu akalichomeka pale. Lilikuwa baya, limefungwafungwa fundo. Nikatupa."

"Umetupa wapi?"

"Afande, jani?"

"Wapi, Grace?"

Walilikuta kwenye pipa, chini ya vikombe vya chai na maganda ya ndizi. Jani refu la kijani, limepigwa fundo moja katikati kwa uangalifu. Yuditha alilipangusa kwa leso. Grace, aliyekulia mjini, alitazama bila kuelewa.

"Hujawahi kuona mtu akiomba msamaha mlimani?"

"Si anasema samahani?"

"Samahani ni ya kumkanyaga mtu kidole. Kwa jambo zito, jambo la damu na ardhi, mtu anafunga sale fundo analeta. Na anayeletewa hana ruhusa ya kukataa."

Alikwenda nalo kwenye benchi, akaifungua leso mbele ya Mzee Basili. Mkono wa mzee ulitoka mfukoni, ukalishika lile jani. Akalikunja, akalitia katika mfuko wa koti, upande wa moyo.

"Baba, hicho ni kielelezo cha serikali."

"Hakikuletwa kwa serikali."

"Kimeletwa na nani?"

Mzee alifunika mfuko kwa kiganja.

"Tangu nifike kuna swali hujaniuliza," Yuditha alisema. "Kila aliyeibiwa huniuliza kabla sijafungua daftari. Nani kachukua? Wewe hujauliza."

"Watu wa Machame mnauliza sana."

"Na nyinyi wa Kibosho hamjibu. Baba, ukinyamaza, Jumatatu unakwenda Dar. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Na bado unanyamaza?"

Mzee Basili alivuta kibanio cha mguu wa kushoto, akakiweka sawa, ingawa kilikuwa sawa. "Afadhali waseme nimesahau," alisema.

Baiskeli ya tambarare, iliyoletwa na mtu wa mlimani. Mambo hayo mawili Yuditha aliyapakia nyuma ya gari la polisi pamoja na baiskeli yenyewe, akaenda nayo Majengo, kwa Fundi Ebenezeri, ambaye kibanda chake kiko nyuma ya msikiti na ambaye hakuna gurudumu katika Moshi ambalo halijapita mikononi mwake. Ebenezeri alikuwa na tairi shingoni kama mkufu. Aliiona baiskeli ikishushwa, akapiga kofi.

"Afande, umeniletea mgonjwa wangu! Mwenye nayo kafa?"

"Unamjua?"

"Nisijue? Huu waya wa kwenye breki nimeusokota mimi. Mizunguko mitatu, mkia ndani, usimchome mtu. Hawa wa majarubani breki hawazitaki. Zinajaa tope, gurudumu linakataa kuzunguka. Wakitaka kusimama wanaweka soli ya kiatu kwenye tairi. Ringi hizi nilimfungia mwaka themanini na tisa, zile za mwanzo zilikuwa zimelika kabisa kwa breki, alitoka nazo mlimani. Cheni nimembadilishia mara nane."

"Jina."

"Mzee Antoni wa Mabogini. Mpole, mkimya. Antoni Mallya."

Yuditha alifunga daftari bila kuandika jina hilo. Hakuwa na haja.

Mabogini haikuchukua nusu saa. Barabara ilishuka mpaka ikalala, joto likapanda, na majaruba yakafunguka pande zote mbili, maji ya mfereji yakimetameta kati ya mpunga. Nyuma, mlima ulisimama wote wazi, theluji kichwani, karibu kana kwamba mtu angeweza kuita akaitikiwa.

Mzee Antoni alikuwa nje ya nyumba yake, amekaa kwenye kigoda, akiisugua Raleigh nyeusi kwa kitambaa na mafuta. Alikuwa na miaka themanini na moja. Alipoliona gari la polisi hakusimama wala hakuacha kusugua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kuichukua?"

"Nimekuja kuitazama kwanza." Yuditha alipitisha kidole ndani ya ringi. Chuma kitupu, laini kama shilingi iliyozeeka, mzunguko mzima. Meno ya gia yalikuwa mazima, manene, kana kwamba yametoka dukani. "Hii ni ya Kibosho."

"Hii ni ya baba yangu," Antoni alisema. "Katekista Yosefu Mallya. Alizungukia vigango vyote kwa hii. Ukisikia breki zinalia, unazima redio, unavaa shati, baba anafika. Wiki iliyopita mjukuu wangu Kindness alinionyesha picha kwenye simu, tangazo la mkutano. Nikaiona. Sikuwa nimeiona tangu mwaka sabini na nne."

"Na ukaenda kuiiba."

"Sikuiba. Nilibadilisha. Nimechukua yangu, nimemwachia ya kwake."

"Na sale?"

"Kwa sababu nilipita kama mwizi. Mtoto wa katekista hachukui haki yake kwa kunyemelea. Nilitaka niseme naye, nikafika pale getini, miguu ikaniambia hapana. Miaka hamsini, mwanangu. Nikamfungia jani badala ya maneno." Alikunja kitambaa. "Amesema nini?"

"Amesema si yake. Ameishia hapo. Hajakutaja. Mwanawe anadhani amechanganyikiwa, na Jumatatu anamhamishia Dar. Nyumba inafungwa."

Hapo ndipo Mzee Antoni aliposimama. "Nyumba ipi inafungwa?"

"Ya kihamba."

"Nyumba ya baba? Makaburi yabaki na nani?" Sauti yake ilipanda hata kuku wakatawanyika. "Mimi sikupewa hata shina moja la mgomba kule, nikanyamaza, kwa sababu nilijua kuna mtu anayewasha moto katika nyumba ile. Anafunga nani? Nipakie!"

"Baba, bado sijamaliza kuku—"

"Utaniuliza njiani. Nipakie na baiskeli."

Walifika uani saa nane na nusu. Baiskeli zilikwisha pangwa kwa msafara, nafasi ya kwanza ikiwa wazi. Yuditha alizishusha Raleigh mbili, akazisimamisha ubavu kwa ubavu, na hata Wilson muuza historia alishindwa kuzitofautisha. Mzee Basili aliinuka kwenye benchi. Alimtazama aliyeshuka garini, kofia mkononi.

"Umezeeka," Basili alisema hatimaye.

"Wewe je? Unajiona kijana kwa hiyo suti? Ni ile ya harusi yako?"

"Ndiyo."

"Sikualikwa."

Basili aliinamisha kichwa. Akatoa jani mfukoni, akalishika mbele yake kwa mikono miwili. "Kaka, wewe ndiye wa kuniletea mimi hili?" alisema. Akamgeukia Yuditha. "Fungua daftari, mwanangu. Nataka kutoa maelezo. Valerian, sogea usikie, wewe ndiye unayesema nasahau."

Yuditha alifungua ukurasa mpya.

"Andika. Jumanne, tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu, mwaka elfu moja mia tisa sabini na nne, saa tano asubuhi, mvua ya kwanza ya masika ilikuwa imeanza. Baba yetu akiwa kitandani aligawa mali yake. Walikuwapo mama, baba mdogo Petri, na mwenyekiti wa jumuiya. Kaka yetu mkubwa, marehemu, alipewa shamba la chini. Mimi mtoto wa mwisho nikapewa nyumba na kihamba, kama ilivyo desturi. Antoni ni wa katikati. Wa katikati hakubakiwa na ardhi. Baba akasema, Antoni achukue baiskeli yangu, imfikishe anakokwenda."

Valerian alikuwa ameshika simu, kidole kikitafuta. Alipokipata alichokitafuta, alikitazama, akamtazama baba yake. "Ilikuwa Jumanne kweli," alisema, kama mtu anayejisemea.

"Baiskeli zilikuwa mbili," Basili aliendelea. "Zote Raleigh, baba alizinunua pamoja. Hii aliyozungukia vigango, na hiyo ya kubebea kahawa, iliyowahi kuangukia korongoni ikapinda fremu. Tazama, imelala kidogo kulia. Leo asubuhi niliitambua kabla sijafika karibu. Antoni alikwenda kanisani kuaga. Aliporudi, ya baba nilikuwa nimeificha zizini chini ya majani ya ng'ombe, na ya kahawa nimemwekea mlangoni. Nilikuwa na nyumba. Nilikuwa na kihamba, kahawa, na ng'ombe wanne. Nikamnyima na baiskeli."

"Yeye alisema nini?"

"Hakusema. Aliushika usukani, akautazama, akanitazama mimi. Baba alikuwa anakata roho ndani, na huyu hakutaka kelele. Akafunga mzigo wake, akashuka. Alikuwa na shati la bluu lenye kiraka begani." Basili alimgeukia mwanawe. "Wanangu niliwaambia alikwenda mashamba ya mkonge Tanga akapotelea huko. Kumbe yuko Mabogini. Nilijua. Kila siku ya Mungu, kukiwa kweupe, ukisimama kihambani unayaona yale majaruba. Valerian, sijasahau kitu mimi. Ningeweza kusahau, ningekuwa nimekwisha sahau hilo."

Spika ilikuwa imenyamaza. Grace alikuwa ameizima bila mtu kumwambia.

"Mlalamikaji niandike nani?" Yuditha aliuliza. "Asubuhi ulikuwa wewe."

"Nifute. Mwandike Antoni."

"Mzee Antoni, una malalamiko?"

Antoni alizungusha kofia vidoleni. "Ninayo. Lakini hayasemwi hapa kwenye magari. Yanasemwa palepale yalipotendeka. Nitapanda Jumatatu, nikae nyumbani kwa baba, nilalamike mpaka nichoke. Sasa kama nyumba imefungwa, nitamlalamikia nani?"

Macho yote yalikwenda kwa Valerian. Alitia simu mfukoni, akamwendea mzee ambaye tangu utoto aliamini alikufa, akainama kidogo.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Wewe ni wa ngapi kwa baba yako?"

"Tuko watatu. Mimi ni wa pili."

"Wa katikati."

"Ndiyo."

"Kihamba si chako, basi."

"Si changu. Ni cha mdogo wetu, yuko Mwanza. Mimi nilikuwa namhofia baba tu, baba mkubwa. Yuko peke yake."

Antoni alimshika bega, akalikamua kwa kiganja kigumu cha jembe. "Sisi wa katikati hatufungi nyumba ya baba, mwanangu. Tunaondoka, tunaiacha na mwenyewe. Na huyu hatakuwa peke yake. Kwetu Mabogini mpunga umekwisha pandwa, sina kazi mpaka mavuno. Nitakuwa napanda kumsumbua."

Valerian alifuta uso kwa mkono wa shati. "Haya," alisema. "Nitaondoka mwenyewe."

Saa ya mnara ilikuwa bado dakika chache kupiga tisa. Grace alikuja mbio na orodha yake, kalamu sikioni. "Wazee wangu, samahani, watu wanasubiri. Ya mwaka hamsini na sita inatangulia, lakini sasa ziko mbili. Nani mbele?"

"Yeye," Basili alisema.

Antoni alikamata baiskeli ya baba yake, akaipeleka mpaka nafasi ya kwanza. Alipopandisha mguu juu ya bomba alikwama, na vijana wawili wakaruka kumsaidia, lakini Basili aliwasukuma pembeni, akapiga goti vumbini na suti yake ya harusi, akamshika kaka yake kisigino, akakiweka kwenye pedali. Kisha akavua vibanio vyake viwili, akavibana kwenye suruali ya Antoni, kimoja kimoja.

"Usitangulie sana," alimwambia. "Nitakupoteza tena."